Arusi ya mbiombio

Juzi jioni, kwenye saibakafe moja hapa mjini, nilikaa karibu na fundi wa magari wa Buyenzi ambaye hawezi kuandika bila kusoma kwa sauti. Kwenye jukwaa la mtandaoni la Warundi wa huku na wa Ulaya mtu alikuwa ameweka video ya arusi ya hapa kwetu, inakwamakwama, na mtu ambaye fundi hamjui akaandika chini yake: "Hawa wanacheza ao wanakimbizwa?"

Fundi akanyoosha vidole, akaandika. "We uko Ulaya, utajua nini? Huku arusi inaisha mapema sababu ya kuvrefe. Giza ikiingia, mutu haruhusiwi barabarani."

Jibu likaja: "Mi niko Kinanira, hapahapa mjini."

"Wote walioko Ulaya wanasemaka wako Kinanira," akaandika fundi, akatugeukia ili tucheke. Tukacheka. Akamuuliza bei ya ndagala, vile visamaki vya ziwani. Yule akajibu kwamba yeye hatumwi sokoni. Fundi akapiga meza, amemnasa.

Hapo mwenye saibakafe akapiga makofi. "Jamani, mufunge. Mutakutwa njiani na kuvrefe."

Fundi alikuwa bado anatafuta kejeli ya kuagia, yule wa Kinanira akamtangulia kuandika: "Tutaendelea kesho. Huku saibakafe nako wanatufukuza, na kupanda Kinanira ni mbali."

Safari hii fundi aliandika bila kutoa sauti, ila mimi jirani yake niliona: "Kimbia, ndugu yangu. Pitia kwenye watu."

Tukatoka sote. Mngetupiga video pale mlangoni, mngeuliza kama tunacheza ao tunakimbizwa.