Mbigili ya Misheni na Nyongo ya Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hasira yake haijanitoka. Najua nasaha kama hizi huandikwa na wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na wewe bado unatambaa na kula udongo kila nikikupa kisogo. Lakini nikingoja nizeeke nitakuwa nimepoa, na jambo hili sitaki kukuambia nikiwa nimepoa. Utalisoma ukishajua kusoma, na kusoma utasoma, hata kama itabidi nikuvute kwa sikio.

Babu yako, yaani baba mkwe wangu, Mzee Petro, ni mtunza bustani wa misheni. Analima kabichi, karoti, na mmea mmoja ambao Bruda, mtawa Mzungu wa pale, alileta mbegu zake kutoka kwao Ulaya. Unaitwa artichoki. Majani yake ni marefu, ya rangi ya majivu, yamechanika kingoni kama meno ya msumeno, na katikati hutoka fundo la magamba ambalo Wazungu hulichemsha na kulila kabla halijachanua. Watu wa huku waliutazama wakauita mbigili ya misheni. Wengine walisema hicho ni chakula cha punda, na kwamba Bruda anawadhulumu punda wake.

Bruda haishii kwenye fundo. Majani nayo huyakausha, na kila akila nyama ya nguruwe yenye mafuta huyachemsha na kunywa kikombe kidogo ili tumbo lisimjae. Babu yako alimwona akinywa hivyo miaka yote aliyofanya kazi pale, naye akaanza kunywa. Anaamini sana machungu. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe kutoka hapa kwetu mpaka Pwani, na eti hakuugua hata mara moja kwa sababu alikunywa machungu ya kila nchi aliyopita. Huyo marehemu sikumjua, kwa hiyo sibishi.

Basi wakati wa kupalilia karanga babu yako akaanza kushika ubavu wa kulia, chini ya mbavu. Halafu wakasema macho yake yamekuwa ya manjano. Nasema wakasema, maana mimi hayo macho sikuyaona. Hapo ndipo uanze kunielewa.

Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Haingii nyumbani mwake wala hapiti mbele ya mlango wake mzee akiwa amekaa. Akikutana naye njiani anaingia majanini, anapiga magoti, anageuza uso mpaka mzee apite. Likiwapo neno, hulipeleka mtu mwingine. Tangu niolewe nilimjua babu yako kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake. Si kwamba ni mtu mbaya. Alipopata kitoweo kizuri misheni, fungu langu lilikuja bila kukosa, limefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Ila lililetwa na mtu.

Sasa katika boma zima aliyewahi kuchorewa ubaoni ini, mfuko wa nyongo na mrija wake ni mimi peke yangu. Nilisoma Tabora mjini mpaka darasa la kumi. Nilijua mtu akiwa manjano kuna mambo ya kumwuliza. Nikamwita baba yako nyuma ya jiko.

"Kamwulize baba choo chake kina rangi gani."

Akanitazama kama nimemwambia akaibe kanisani. "Mimi? Nimwulize baba mambo ya choo?"

"Basi mwulize mkojo."

Akaenda. Nikamsikia anasalimia, anauliza habari za karanga, za mvua, za mbuzi wa jirani. Akarudi. "Baba anasema anaendelea vizuri."

"Nimeuliza rangi."

"Mama Skola, mgonjwa akisema anaendelea vizuri, inatosha."

Wifi yangu Monika alikuwa akitwanga pale pale. Hakuinua hata kichwa. "Tulitoa ng'ombe wazima," akasema, "tukaletewa mkaguzi wa vyoo."

Wakacheka. Hata baba yako alicheka kidogo, akaona uso wangu, akaacha.

Wakati huo mama mkwe alikuwa akichemsha majani ya mbigili kwenye chungu, na si kikombe kidogo cha Bruda. Babu yako alikunywa bakuli asubuhi, bakuli jioni. Kila akimaliza kunywa, maumivu yalizidi, mpaka tukamsikia anauma blanketi. Na wao walifurahi. Usinielewe vibaya, walimpenda mgonjwa wao kuliko kitu chochote. Lakini walishaamua kuwa maumivu yale ni dawa inapigana na ugonjwa. "Imemkuta," alisema mama mkwe. "Sasa tuiongezee nguvu." Siku iliyofuata akaongeza majani.

Niambie, mwanangu, utafanyaje na watu wa namna hiyo? Mgonjwa akipata nafuu, dawa imefanya kazi. Akizidiwa, dawa inafanya kazi zaidi. Hakuna mahali pa dawa kushindwa. Mimi nilipoona hivyo nilikufunga mgongoni nikaenda misheni kwa miguu, jua la mchana, wala sikumuaga mtu.

Bruda nilimkuta anamwagilia. Kiswahili chake ni cha kitabu, kinatembea pole pole kama mtu mwenye viatu vipya. Nikamwamkia, nikamwuliza majani haya yanafanya nini hasa ndani ya mwili.

"Kwetu wazee huyanywa tumbo likijaa," akasema. "Siku hizi madaktari wanayakamua na kuyachunguza. Inaonekana yanalifanya ini litoe nyongo zaidi. Mengine bado wanabishana."

"Na kama njia ya nyongo imeziba?"

Akaweka ndoo chini. "Nani ameziba?"

"Mtunza bustani wako. Ni manjano, ana maumivu ubavuni, anakunywa mabakuli mawili kwa siku."

"Aliniambia ana mafua."

Nikamwambia alikotoa mafua sijui. Bruda akafuta mikono kwenye suruali. "Asinywe hata tone. Kama kuna kijiwe kimekaa njiani, unaisukuma nyongo na haina pa kutokea. Apelekwe hospitali Tabora leo, si kesho."

Ningeweza kushukuru nikaondoka. Lakini nilikuwa na hasira naye pia. Watu walikuwa wakichuma majani yale kwenye uzio wake, mbele ya macho yake, kwa homa, kwa mgongo, kwa mwanamke asiyeshika mimba, naye akitabasamu tu na kusema ni mazuri kwa ini.

"Ulipowaambia ni mazuri, Bruda, uliwaambia na hili la kuziba?"

"Hawakuniuliza."

"Nimekuuliza mimi leo. Kabla ya leo wamekunywa wangapi?"

Akaiokota ndoo yake. Uso wake ulikuwa mwekundu, sijui kwa jua au kwa mimi.

Nilirudi karibu nakimbia. Treni ya kwenda Tabora ilikuwa haijapita stesheni yetu ya Igalula, tulikuwa na muda. Nikamkamata baba yako, nikampa maneno matatu, nikayarudia mara mbili kama kwa mtoto wa shule. Kwanza, majani yaachwe kabisa, hata tone. Pili, huenda kuna kijiwe kimeziba nyongo. Tatu, baba apelekwe hospitali leo, kwa treni ya leo. Akasema amesikia. Akaingia kwa babu yako. Mimi nikasimama nyuma ya ukuta, kwenye kivuli cha ghala, na hivi ndivyo nilivyosikia.

"Baba, mkweo anasalimia sana. Anasema hayo majani pengine yasiwe makali mno. Na kwamba ukipenda, unaweza kwenda kuonana na daktari Tabora, baada ya mavuno."

Baada ya mavuno. Karanga zilikuwa hata hazijatoa maua.

Baba yako si mwongo, mwanangu, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Ana adabu. Aliyachukua maneno yangu akayapunguza makali njiani, maana mwana hamwamrishi baba, na mke hamwamrishi baba mkwe. Alipofika, hakikubaki kitu ila adabu. Na mama mkwe tayari alikuwa ameshika bakuli, mvuke unatoka.

Nikazunguka ukuta nikaingia. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala. Nikapiga magoti, lakini uso sikuugeuza. Nikamtazama. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona, na alikuwa wa manjano mpaka kwenye kucha. Alijifunika na blanketi haraka, kama niliyemkuta anaoga.

"Shikamoo, baba."

Mama mkwe akasema, "Mayo, mama wee, umeingiwa na nini?" Baba yako alikuwa amegeukia ukuta.

"Toka," babu yako akasema kutoka ndani ya blanketi. "Unaniaibisha."

"Nitatoka ukinijibu. Choo chako ni cheupe?"

Nje mtwangio wa Monika ukanyamaza.

"Baba, nakuuliza. Nitakaa hapa mpaka treni ipite, na aibu itakuwa kubwa zaidi."

Akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu aliyebeba jambo peke yake, "Kama chokaa."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze palizi."

"Na mkojo?"

"Kama chai ya rangi."

Mama mkwe akalia. Hakuwa akijua. Mke wake wa miaka yote hakuwa akijua, kwa sababu yeye naye hakuuliza. Nikachukua bakuli mikononi mwake nikalimwaga mlangoni. Nikamwambia babu yako maneno yote matatu, makali kama nilivyoyapata, nikatoka. Nikakaa kwenye kinu cha Monika. Hakunifukuza.

Walimbeba kwa kitanda mpaka stesheni. Tabora walimpasua wakamtoa vijiwe. Daktari alimwambia baba yako kwamba majani hayakuvitengeneza vile vijiwe, lakini kila bakuli lilimzidishia, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangerudi na maiti. Baba yako aliponiambia hayo hakuweza kunitazama. Sikumsaidia. Nilikuwa bado nimekasirika, na ukweli ni kwamba nimekasirika mpaka leo, ingawa nalala naye na kumpikia.

Babu yako aliporudi, mkanda wa bandeji tumboni, wazee wa ukoo wakakaa kikao. Si kikao cha kunishukuru. Nimevunja ukwe, nitoe kuku na pombe ili mambo yasafishwe. Nikakaa pembeni, nimegeuza uso kama inavyotakiwa, nikawaambia kuku nitatoa na pombe nitapika, sina ubishi. "Ila nauliza," nikasema. "Mimi niliyepeleka maneno mazima nimetozwa kuku. Aliyepeleka nusu anatozwa nini?"

Mzee mmoja akasema huyu mwanamke shule imemharibu. Mwingine akakohoa. Ndipo babu yako, ambaye alikuwa amenipa mgongo kwa heshima kama zamani, akasema na ukuta uliokuwa mbele yake:

"Kasimiri. Nilikuwa nangoja uniletee maneno, ukaniletea heshima. Heshima ingenizika."

Baba yako aliinamisha kichwa. Kuku nilitoa. Pombe waliinywa wote, na yule aliyesema shule imeniharibu alirudia mara mbili.

Sasa nisikilize. Majani yale si sumu, wala sikuandika haya ili uyachukie. Mimi mwenyewe nikila mafuta mengi nachemsha kidogo, nakunywa, na tumbo linatulia. Huenda hao wanaoyachunguza Ulaya watakuta ndani yake mambo makubwa. Wakikuta, watuambie yote, na wasituachie tuchume nusu ya habari kwenye uzio. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Ntalikwa, kichanga chake kina macho ya manjano, anataka nimpe majani akinyweshe. Kichanga. Nilimfokea mpaka nikaona haya, kisha nikamsindikiza mwenyewe mpaka zahanati.

Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea dawa, awe mganga, awe padri, awe daktari mwenye koti jeupe, mwulize inafanya nini mwilini, na mwulize ni nani hatakiwi kuinywa. Akikujibu kwamba haijawahi kumdhuru mtu, basi hajawahi kutazama. Mgonjwa akizidiwa baada ya kunywa, usimshangilie, simamisha kwanza. Ukitumwa na maneno ya ugonjwa, yafikishe kama ulivyopewa, hata kama yanakuunguza ulimi. Na ukwe uutunze. Piga magoti, geuza uso, pita pembeni. Lakini siku ukisikia nyuma ya ukuta kwamba mtu anakufa kwa sababu watu wanaoneana haya, ingia. Kuku nitatoa mimi.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mwili mzima na mdomo usioogopa kuuliza. Akupe mume asiyepunguza maneno yako njiani, au akupe miguu ya kuyapeleka mwenyewe. Babu yako aishi akuone umevaa sare ya shule, nami niishi nikuone ukinibishia.