Jina Lililokwama Kooni

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mtaani kwetu Biryogo ambayo bado inanijia nikifumba macho. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, na cherehani za jirani zilisikika kama mvua inayonyesha mtaa mwingine. Nilikuwa msichana, nimeketi mbele ya bakuli la uji wa mtama, na uji haupiti.

Vita vilikuwa vimeanza mpakani, mwaka ule wa tisini. Kaka yangu Idi, fundi wa baiskeli, alikamatwa na askari akitoka sokoni, na hatukuambiwa alikopelekwa. Kwa hofu kwamba majirani wangetuchongea kwa askari, mama akatukataza kulitaja jina lake. Tukanyamaza. Mkeka wake ukakunjwa. Nami nikaanza kuhisi kitu kooni, kikubwa kama kokwa la parachichi. Nikakonda hadi nguo zikanipwaya. Daktari alinimulika kwa tochi, akanibonyeza shingo, akasema hakuna uvimbe. Watu wakanong'ona kwamba nadeka. Sikudeka, mwanangu. Nilikuwa nakabwa kweli.

Ndipo asubuhi ile ya ukungu Shangazi Zaina, dada ya baba, akaja kutoka Kagarama. Alifunga mlango, akaketi karibu nami, akauliza polepole:

"Hii kitu iko hapa kooni tangu lini?"

Nikautazama mkeka uliokunjwa.

"Tangu nani aondoke? Mtaje."

Mama akashtuka. "Wifi, watu watasikia!"

"Wacha wasikie. Mtoto anatuishia mikononi."

Nikasema, "Idi." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeota. Mama naye akalitaja jina hilo, na tukalia wote watatu, tumeshikana, mpaka ukungu ukainuka.

Siku hiyo nilikunywa uji kidogo. Donge liliisha taratibu sana. Idi hakurudi, sitakuficha. Lakini jioni tulimzungumzia mle ndani, alivyopiga mluzi akijaza upepo matairi, nami nikaweza kula.

Basi mwili ukikuuma, nenda kwa daktari kwanza. Akikosa kuona kitu, usijione mwongo. Maumivu hayo ni ya kweli. Jiulize ni huzuni gani umeifungia ndani, kisha mtafute mtu unayemwamini umwambie. Na mwenzako akilalamika kichwa au tumbo kila siku, usimcheke. Keti naye, umuulize anamuwaza nani.

Mungu akujalie watu wa kukusikiliza, mwanangu, na usingizi mtamu, na asubuhi nyingi za amani. Amina.