Makali ya Theluji kwenye Marram ya Kakuma

Mimi ni dereva wa greda. Watu wakisikia hivyo hunitazama mikono kwanza, halafu uso, halafu huuliza kama mume wangu anajua. Nilizaliwa Lodwar, na kazi yangu ni kusawazisha barabara za marram, yaani changarawe na udongo, zinazochepuka kutoka kwenye lami, hasa upande wa Kakuma, ambako kampuni ndogo iliyoniajiri ilikuwa imepata kandarasi.

Shida yetu ilikuwa makali. Greda ina bledi ndefu chini ya tumbo, na ukingo wa chini wa bledi, yaani makali yenyewe, hufungwa kwa bolti ili ukilika ubadilishwe. Kwenye udongo wa kawaida makali hudumu. Kwenye mawe ya Kakuma yalikuwa yanaisha kama sabuni kwenye nyumba ya watoto wengi. Wiki moja tunafunga mapya, wiki inayofuata nahisi kupitia kiti kwamba bledi inateleza juu ya barabara badala ya kuikwangua.

Siku moja msimamizi wetu alirudi kutoka Nairobi na sanduku la mbao refu kama kitanda. Tulilifungua katika yadi ya Kakuma. Ndani mlikuwa na makali ya aina tatu, yote yamepandikizwa kabaidi, yale madini magumu ambayo mafundi huweka kwenye ncha za vifaa vya kutobolea mwamba. Muuzaji wa mashine kuukuu alikuwa amemwambia yalitengenezwa kwa magari ya kusukuma theluji, ila mashimo yake ya bolti yalilingana na ya greda.

"Chagua," msimamizi aliniambia. "Wewe ndiye unayekaa juu yake. Tuambie umbo gani linafaa, tuagize la hivyo."

Nilichuchumaa mbele ya lile sanduku hadi miguu ikafa ganzi. Aina ya kwanza ilikuwa na vipande vya mraba vilivyopangwa bega kwa bega, ukingo wao umenyooka na mkali. Ya pili vipande vyake vilikuwa vimeviringwa puani, kama kidole gumba. Ya tatu haikuwa na ukingo kabisa: ilikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na jino la duara lenye ncha, lililoweza kuzunguka nikilisukuma kwa kidole. Kwa nini mtu ahitaji maumbo matatu kusukuma kitu ambacho, kwa nilivyosikia, ni laini kuliko pamba? Swali hilo lilinikaa kichwani mchana kutwa.

Chakula cha mchana nilikuwa nakula kwa mama mmoja wa Sudan Kusini, mkimbizi mwenye kibanda cha chai na maharagwe ndani ya kambi. Nilimsimulia habari ya sanduku, na akaweka mwiko chini.

"Hiyo ni kazi ya mtoto yangu," alisema. "Anasukuma maji ngumu kama mawe na gari. Mimi nasema kila siku, anadanganya mama yake."

Mwanawe alikuwa ameondoka kambini akiwa kijana, akapelekwa kuishi nchi ya baridi. Sasa alikuwa amerudi kwa mwezi mmoja kumwona mama, ambaye alikataa katakata kumfuata kule. Mama alimwita kwa Kiarabu cha Juba, na mwanamume mrefu akatoka nyuma ya kibanda akijifuta sabuni masikioni.

"Ejok, dada," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi. Ni kweli wewe unaendesha gari la theluji?"

"Miaka saba," alisema. "Wapi hiyo sanduku?"

Alipoyaona yale makali alicheka peke yake, akayapitisha vidole kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani stendi ya mbali. Nami nilimwaga maswali. Unaionaje barabara wakati kila kitu ni cheupe? Alisema wanachomeka miti mirefu kando ya barabara kabla ya majira ya baridi, na dereva anapita katikati. Theluji ni nzito? Ikianguka leo ni nyepesi, ikikaa siku tatu na magari yakaikanyaga, inageuka mwamba. Hapo ndipo nilipoelewa maumbo yalitoka wapi.

"Hii ya mraba ni kisu," alisema. "Barafu imeshika lami, inaingia chini yake, inabandua yote. Hii ya mviringo, barabara ikiwa na mashimo, haipigwi vibaya. Hii ya meno ni ya barafu ngumu sana, inachora mistari, gari isiteleze. Wewe funga ya mraba. Hata hapa, kisu ni kisu."

Tulifunga ya mraba. Asubuhi iliyofuata tuliondoka mapema, yeye amekaa pembeni yangu kwenye kijisehemu ambacho hakikukusudiwa abiria. Mwanzoni nilifurahi. Bledi ililamba ile marram kama haikuwa kitu. Mawimbi ya barabara, yale matuta madogo yanayotikisa magari, yalikatika na kulala. Nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwambia msimamizi. Halafu, kabla ya kufika laga, ule mto mkavu unaokatiza barabara, ulikuja mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, kama sahani inayopasuka ndani ya sufuria. Ukaja tena.

Nilizima mashine. Vipande vinne vya kabaidi havikuwepo. Vingine viwili vilikuwa na ufa.

Yeye alisimama kando, mikono kiunoni. Niliona uso wake umebadilika, na nikajua anafikiria jinsi mama yake atakavyoipokea habari hiyo. Mimi, nitasema kweli, sikuhisi hasira. Nilitaka kujua. Nilipiga magoti vumbini nikitafuta vile vipande, na nilipokipata kimoja nikashangaa: hakikupinda wala kulika. Kilikuwa kimevunjika kama kigae, na pale kilipovunjikia paling'aa.

"Ni kigumu mno," nilisema. "Chuma cha kawaida kingepinda."

Alikichukua, akakigeuza. Kisha akachuchumaa akatazama jiwe lililokivunja, kichwa tu kimetokeza, mwili wote uko ardhini.

"Kule chini ya theluji kuna lami," alisema polepole. "Sawa kama meza. Hapa chini ya barabara kuna mlima. Dada, mimi nilisahau. Nilitoka hapa, na nikasahau."

Siku zilizofuata tulijaribu kama watu wawili wasiojua kitu, na nadhani hilo ndilo lililotusaidia. Yale makali ya pua ya mviringo hayakuvunjika. Yaligonga jiwe, yakapanda juu yake, yakashuka. Lakini kwenye mawimbi yaliyokauka kama saruji yalipanda pia, na nyuma yangu barabara ilibaki ilivyokuwa, ila imepata mng'ao. Nilisimamisha bledi wima zaidi, nikailaza, nikapunguza mwendo. Hakuna.

Yale ya meno sikuyapenda kwa sura. Yalichana barabara mistari mistari, ikaonekana kama shamba lililolimwa, na mchungaji mmoja aliyekuwa akivusha mbuzi aliniuliza kama serikali inataka kupanda mtama. Lakini jino likikuta jiwe lilizunguka tu kwenye tundu lake, likapita. Na mawimbi yalivunjika mpaka mizizi. Nikajaribu kupita mara ya pili kwa greda yenye makali ya chuma cha kawaida, nikitandaza ile marram iliyochanwa, na barabara ikalala kama mkeka.

"Kwa hiyo meno kwanza, halafu chuma," nilimwambia. "Na pua ya mviringo tupeleke upande wa Lodwar kwenye mchanga, hakuna mawimbi magumu ya kukata."

"Na kisu?"

"Kisu kikae stoo. Siku theluji ikianguka Turkana, tutakufuata."

Alicheka hadi akaegemea gurudumu.

Siku ya mwisho ya majaribio mama yake alikuja, kwa pikipiki, na chupa ya chai mapajani. Nilifanya jambo ambalo msimamizi hakulijua wakati ule: nilishuka, nikamwachia mwanawe kiti kwenye kipande kilichonyooka kisicho na watu. Alikwenda kasi kuliko ninavyokwenda mimi, na kila alipofika penye kalvati, bomba la maji linalopita chini ya barabara, aliinua bledi kidogo, akaishusha tena. Baadaye nilimuuliza sababu. Alisema madaraja ya kule yana viungo vya chuma, na asiyeinua bledi huvunja daraja au meno yake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa unafanya hivyo bila kumuuliza.

Mama alisimama kwenye vumbi, kitambaa puani, akimfuata kwa macho. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Anajua," alisema. "Kumbe anajua kazi."

Aliporudi mwanawe, mama hakumwambia hivyo. Alimmiminia chai, akamkemea kwa kukimbiza mashine ya watu.

Mwanawe aliondoka wiki iliyofuata, akarudi kwenye nchi yake ya baridi. Msimamizi aliagiza meno ya duara, na yanadumu. Likilika moja tunaling'oa kwa nyundo na kuweka jingine, bila kubadilisha makali yote. Siku hizi naitwa hata kwenye barabara ya Kaikor kuwaeleza madereva wengine namna ya kuyafunga. Wananiuliza kwa nini jino linazunguka, nami nawaonyesha. Dereva mmoja aliniuliza kama theluji ina harufu. Jioni hiyo nilimtumia rafiki yangu wa theluji, yule mwana wa mama wa chai, ujumbe wa sauti. Kesho yake alijibu kwamba amefikiria swali hilo siku nzima barabarani, na bado hana hakika.