Nyumba Yenye Ripoti Safi

Kazi yangu ni kukagua mikate. Nasimama kiwandani Rexdale, huku ughaibuni, mikate inapita mbele yangu kwenye mkanda, nami naitoa iliyopasuka na iliyoungua. Nimeizoea kazi hii mpaka nyumbani nikipewa chapati naigeuza kwanza nione chini ikoje. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kumtafutia mama nyumba ya wazee, dada yangu hakuuliza ni nani atakayelinganisha nyumba hizo. Alijua ni mimi.

Mama alikuwa akiishi kwangu, North York. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole, ukaanza na majina ya wajukuu, ukaendelea na Kiingereza, akabaki na salamu na neno la kushukuru. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta jiko linawaka, sufuria tupu imekuwa nyekundu, na yeye hayupo. Nilimkuta kwenye kituo cha basi, ndala miguuni, theluji imejaa kwenye kanga, ananiambia anakwenda kwa mama yake Tabora. Sikumgombeza. Nilimvua kanga ile iliyolowa, nikamvika koti langu, nikamrudisha nyumbani. Jioni hiyo dada alinipigia simu, akasema lile neno ambalo sote wawili tulikuwa tunalikwepa.

Watu nao hawakukosa la kusema. Mmoja kanisani aliniambia uso kwa uso kwamba mzazi hapelekwi kwa Wazungu, mzazi hutunzwa nyumbani. Nikamuuliza ni siku gani za wiki atakuja kukaa naye nikiwa kazini. Akasema atatuombea. Nilimshukuru, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Mkoa huu huweka ripoti za wakaguzi wa nyumba za wazee kwenye mtandao, na mwenye moyo wa kuzisoma anaweza kuzisoma. Nilizisoma jioni baada ya jioni. Wazee walioanguka, wazee waliopata vidonda kwa kulazwa upande mmoja, nani alibonyeza kengele akasahauliwa, dawa ya nani ilikwenda kwa nani. Nyingine nilizifunga katikati kwa hasira, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mwishowe zikabaki nyumba mbili.

Ya kwanza ilikuwa Rexdale, jirani na kiwanda chetu. Ripoti zake zilikuwa na madoa. Kengele zilichelewa kuitikiwa, bafu moja lilikuwa linateleza, na mkaguzi aliandika pia kwamba wahudumu walikutwa wakila chakula chao meza moja na wazee, kinyume cha taratibu za usafi. Tulipokwenda kuitazama ilinuka kabichi, na televisheni ilikuwa inapiga kelele bila mtu wa kuisikiliza. Ya pili ilikuwa mbali, kaskazini mwa jiji, basi juu ya basi halafu unatembea. Ripoti yake ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Hakuna aliyeanguka vibaya, hakuna malalamiko, na wakaguzi waliisifu kwa kuheshimu uamuzi wa mzee: asiyetaka kuoga haogeshwi, asiyetaka kula halishwi. Mimi nilisita kwa sababu ya umbali. Dada anakaa Pickering, na kwake kila mahali ni mbali, basi akanikatiza kwenye simu.

“Mdogo wangu, hapa tunachagua safety au tunachagua kituo cha basi?”

Tuliiweka ile ya kaskazini mbele, na baada ya kungoja kwa muda mrefu kitanda kikapatikana. Kitanda cha huko hupatikana kwa njia moja tu, na wala hatukuuliza nani alikuwa amekilalia.

Siku ya kumpeleka, mama aliisifu sakafu. Alidhani tumekwenda kutembelea watu. Akaninong'oneza kwamba tusikae sana, wenyeji wana shughuli zao. Nilimwambia sawa mama, nikamwacha pale, nikalia kwenye lifti.

Mwanzoni niliridhika. Kucha zake zilikatwa vizuri, chumba kilinukia sabuni, na hakuanguka hata mara moja. Kisha pete yake ya ndoa ikaanza kuzunguka kidoleni, na siku moja tukaikuta kwenye mashuka. Mabega yakachongoka. Nesi alituambia mama ni mpole kuliko wote, hasumbui mtu, ila anakula kidogo sana. Daktari akampima damu, akamtazama meno na koo, hakuona kitu. Alitukalisha chini, akasema taratibu kwamba ugonjwa huu hufika mahali mtu akapoteza hamu ya chakula, na kwamba tuanze kujiandaa. Dada alilia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Mimi nilikasirika. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa kwenye chumba chao cha chakula wakati wa mchana, nione kwa macho yangu.

Mhudumu, msichana mchangamfu, alimwekea mama sahani ya kuku na viazi, akamuuliza kama angependa kula. Mama alitabasamu, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akashukuru. Msichana akasema hakuna shida, akaichukua sahani, akaandika kwamba mama amekataa, akaenda meza ya pili. Yote yalifanyika kwa adabu. Mama aliifuata sahani ile kwa macho mpaka ilipoingia jikoni. Kisha akanigeukia.

“Watu wazuri hawa, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini, “lakini hawajui kukaribisha.”

Mimi nimelelewa na mwanamke huyu. Tukienda kwa watu, chakula kikiletwa, tulisema tumeshiba hata kama matumbo yananguruma, na aliyethubutu kupokea mara ya kwanza alikutana na jicho la mama. Mwenyeji alibembeleza, sisi tukakataa. Mwenyeji akavuta kiti, akanawa mikono, akamega tonge la kwanza yeye mwenyewe, akasema basi onjeni tu jamani, msinivunje moyo. Hapo mama aliitikia kwa kichwa, nasi tukaifagia sahani yote. Mwenyeji aliyeuliza mara moja na kuondoa chakula alikuwa hataki ule, na tulijifuta midomo mikavu tukaaga. Mama alikuwa amelisahau jina langu, lakini hilo hakulisahau. Wiki zote zile alikuwa anakaa na njaa kwa sababu ya heshima, katikati ya watu waliokuwa wanamheshimu.

Nilimweleza nesi mkuu. Alinisikiliza vizuri, akasema kumlazimisha mzee kula ni kosa linaloripotiwa, ila wataandika kwenye mpango wake kwamba aulizwe mara tatu. Na kweli wakamuuliza mara tatu, wakiwa wamesimama, kama askari wa barabarani: una hakika, una hakika, una hakika. Siku hiyo mama aliniambia kwamba katika nyumba hii sasa wameanza kumsimanga. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipoisha yakaendelea kutoka. Nikaomba basi mtu akae naye, ale naye hata kipande cha mkate. Nesi alisikitika. Wahudumu hawaruhusiwi kula na wazee, alisema, na ripoti zao hazijawahi kuwa na doa hilo.

Niliulizia Rexdale. Foleni yao ilikuwa ndefu, na aliyekwisha kupata kitanda kwingine huwekwa nyuma. Basi nikahamia zamu ya jioni, nikawa nakwenda kila mchana na bakuli langu. Dada alichukua mwisho wa wiki. Nilivuta kiti, nikanawa, nikala kwanza mimi, nikamkaribisha. Mama alisema ameshiba, ametoka kula sasa hivi. Nikamwambia aonje tu, mimi sipendi kula peke yangu. Akasema mtoto huyu ana kero, halafu akaivuta sahani. Siku nyingine alinimegea yeye, akiniambia nimekonda, nimeolewa na nani asiyenilisha. Mashavu yake yakarudi kidogo. Pamoja na mabasi yote yale na usingizi niliokosa, nilikuwa na furaha kipindi hicho, nasema kweli. Hakujua mimi ni nani, lakini kila mchana alijua kwamba kuna mtu anayetaka ale.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, nesi alinipigia simu nikiwa ndani ya basi. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema mama ameanza kula mwenyewe, asubuhi na mchana, bila kubembelezwa, uzito umepanda, na nikitaka naweza kupumzika siku moja moja. Nilimtumia dada ujumbe. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anamshukuru Mungu, anasema si nilikwambia pale ni pazuri.

Nilifika chakula kikiwa kimeshawekwa. Mama alikuwa ameinama juu ya sahani, anakula kwa mikono miwili, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa amemngoja mtu. Alipomaliza viazi vyake alinyoosha mkono, akachukua mkate wa bibi aliyekaa kando yake bila hata kumtazama, na bibi yule akaanza kulia. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kunifinya paja mbele za watu kwa ajili ya andazi moja. Nilielewa kabla sijakaa. Adabu ilikuwa imemtoka, na katika mama yangu hakukuwa kumebaki kitu kingine. Msichana mchangamfu aliniinulia kidole gumba kutoka upande wa pili wa chumba.

Nilivuta kiti. Nilinawa, nikafungua bakuli langu, nikala tonge la kwanza.

“Karibu, mama,” nikasema.

Nilingoja aseme ameshiba. Nikamkaribisha tena, nikamwambia aonje tu, mimi sipendi kula peke yangu. Aliingiza mkono kwenye bakuli, akachota, akala. Nilimsogezea bakuli lote, nikalia pale mbele za watu, na yeye hakuinua uso.