Sauti ya Mwalimu wa Mashairi

Jirani yangu hapa Kalama anafundisha mashairi katika shule ya upili, na kila jioni husimama kwenye ua wake akiughania mlima ulio mbele yetu tungo za kale za huzuni, za maua yanyaukayo na mito iliayo. Hashiki kitabu. Vidole vyake hupapasa majani ya ua, na akifika penye majonzi hunyamaza, husafisha koo, kisha huurudia mstari uleule polepole zaidi. “Huzuni haitaki haraka,” aliniambia siku moja, akitabasamu.

Mwaka huu uvimbe ulimwota kooni. Daktari alisema utaondolewa, ila huenda sauti ikapotea kabisa. Mwalimu alirudi kutoka hospitalini na bandeji shingoni, ameagizwa asitamke neno mpaka kidonda kipone. Jioni alisimama palepale, midomo ikicheza kimya, na mkewe Kamene akageuza uso asimwone.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napalilia mbaazi niliposikia mtu akifoka: “Hii mbuzi ni ya nani? Inamaliza maua yangu!”

Kamene alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. “Ngai! Mungu wangu! Ni wewe umesema?”

“Ni mimi,” akajibu. Sauti ilikuwa ikikwaruza, lakini ilikuwa yake.

Kamene akaketi mchangani, akicheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu alimwacha mbuzi na maua yake, akaenda kukaa kando ya mkewe.