Klarineti Ndani ya Gunia

Gunia la katani likilowa hutoa harufu ya udongo na kamba kuukuu. Wiki mbili zilizopita nilipita kwa mchonga vinyago mmoja pale Chikongola, Mtwara. Alikuwa akilinyunyizia maji gunia alilofunikia magogo yake, na harufu ile ikanisimamisha barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Swali ni lile lile nililojiuliza nikiwa darasa la sita: mtu ambaye hakuulizwa, naye akanyamaza, amesema uongo? Nimemaliza chuo kikuu na jibu bado sina. Labda nyinyi mnalo.

Mwaka ule alikuja Mtwara fundi wa pampu za maji kutoka Japani, Bwana Mori, mtu mwembamba aliyezoea kuomba radhi hata kwa mbuzi waliomzuia njia. Jioni alifundisha klarineti, ile ala ndefu ya kupuliza, shuleni kwetu. Wanafunzi wake tulikuwa wawili, mimi na Somoe, binti wa Mikindani aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake.

Bwana Mori alikuwa na klarineti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu, imetengenezwa kwao, na ndiyo tuliyojifunzia. Ya pili ilikuwa ya mbao nyeusi, ya Kifaransa, na hiyo tuliishika kwa ruhusa tu. Alitueleza kwamba kwao wapigaji hubishana juu ya jambo hili kama sisi tunavyobishana juu ya mpira. Wakubwa wa okestra hawataki kusikia nyingine ila ya Kifaransa. Vijana huwajibu kwamba ya nyumbani haipotezi noti na inatoshea vidole vyao, sasa ya ng'ambo ya nini? Mwalimu Mkuu aliipenda hoja ya vijana, akaitangaza mstarini asubuhi kuwa ni mfano wa kujitegemea. Somoe akaninong'oneza, "Basi aanze kwa kuitupa ile redio yake ya Kijerumani."

Nilimuuliza Bwana Mori yeye yuko upande gani. Akasema mwalimu wake alikataa kumfundisha mpaka apate ya Kifaransa, na sasa hajui kama anaipenda au amezoea kutii.

Kisha tukaambiwa kwamba mgeni wa kitaifa anakuja, na mwanafunzi mmoja atampigia ile nyeusi. Akachaguliwa Somoe. Alistahili, na nilijua hivyo.

Ijumaa moja kabla ya ugeni, Bwana Mori alikwenda Newala kutengeneza pampu, akaziacha klarineti stoo. Ufunguo alimkabidhi Somoe. Joto la siku zile lilikuwa la kuumiza, na stoo ilikuwa ya bati. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago. Nimekua nikimsikia akisema kwamba mpingo haushindwi na shoka, unashindwa na jua, na nimemwona kila kiangazi akiyafunga magogo yake kwa magunia mabichi yasipasuke. Nilimwambia Somoe nimesahau daftari stoo, akanipa ufunguo. Nikavifunga vipande vya ile klarineti nyeusi ndani ya gunia nililolilowesha vizuri, nikavirudisha kwenye sanduku lake.

Hapa ndipo fikra zinaponila. Nilikuwa nakiokoa chombo? Au kulikuwa na kidole kimoja cha wivu katika mkono uliofunga lile gunia? Wakati ule ningeapa kwamba hakikuwapo. Leo siapi.

Jumatatu niliomba tena ufunguo, nikaliondoa gunia kabla ya kengele. Jioni Bwana Mori alifungua sanduku, akajaribu kuunganisha vipande. Havikuingiana. Vifuniko vya matundu vilikuwa vimevimba kama maharage ya kulowekwa. Alivifuta kimoja kimoja kwa leso, akasema polepole, "Ubao umekunywa maji."

Mwalimu Mkuu aliuliza ufunguo alikuwa nao nani.

"Mimi, Mwalimu," alisema Somoe.

Aliniangalia mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Nilisubiri anitaje. Hakunitaja. Bwana Mori aliomba mtoto asamehewe. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba mali ya mgeni si ya kuchezea. Somoe akatolewa kwenye mafunzo ya klarineti, akapelekwa kupalilia shamba la mihogo la shule. Siku ya ugeni nilipiga mimi, kwa ile ya plastiki, na watu wakashangilia.

Baada ya hapo baba aliomba aione ile iliyoharibika. Aliigeuza, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. "Huu mpingo huu," alisema. "Umetoka kwetu." Bwana Mori aliduwaa. Kumbe ubishi wote wa kwao ulikuwa juu ya mti unaoota huku kusini. Mimi nilishikwa na jambo jingine: baba alinigeukia, akaeleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba gogo hulindwa kwa maji, lakini kitu kilichokwisha kukaushwa na kutobolewa maji hukiua.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Somoe hakunifichia kosa. Alikuwa amenipisha niseme.

Juzi Jumamosi, baada ya kuandika barua nne na kuzichana, nilikwenda Mikindani. Nilimkuta uani akibangua korosho, mtoto mgongoni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti.

Hakuacha kubangua. "Mimi unaniambia nini, Felista? Mimi nilikuwa najua. Asiyejua ni Mwalimu Mkuu."

Nikauliza kama bado yu hai.

"Amestaafu, yuko Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Kila akiniona hunishauri nijihadhari na vitu vya watu."

Nilianza kusema nitafikiri namna ya kumwandikia. Somoe akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile, ila safari hii hakutazama chini. Nikamsaidia kufunika korosho, akabadilisha kanga, tukaenda. Mlangoni kwa Mwalimu nilibisha hodi mimi.