Jina Sikulitaja

Mimi niliyelelewa Tanzania na kurudi Kigali nikijiona mjuzi, ndimi niliyeanzisha kikundi cha wasichana katika kanisa letu la Gikondo. Siku ya kwanza niliwaapia kwamba yanayosemwa humu hayatoki. Wote kumi na wawili nikawashonea vilemba vya njano.

Jumamosi moja Claudine akabaki nyuma. "Dada, niko na mimba. Mama asijue, ataniua."

Nililia naye. Kesho yake ibadani, mchungaji akauliza nani ana ombi la sala, nami nikanyakua maikrofoni. Eti nina hekima! "Tumwombee binti mmoja wa kikundi changu, ni mjamzito. Jina sitalitaja." Kisha, mpumbavu mimi, nikaongeza: "Wasichana wangu wote simameni, tuwawekee mikono."

Vilemba kumi na kimoja vikainuka. Kimoja kilibaki chini, kimeinama. Kanisa zima likageuka kukitazama.

Mama yake, aliyeketi kando yake, alikuwa bado hajaelewa. Akamgusa bega, akitabasamu kwa fahari: "Haguruka, mwanangu. Simama na wenzako."